Maswali ya Wasomaji kwa Fundi: Mshale wa Mizunguko Unapodanganya

Barua nyingi za safari hii zimehusu takometa, ile geji iliyo kando ya kipima mwendo, ambayo mshale wake huonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Wengine huiita geji ya RPM. Nimechagua barua chache, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu matatizo yaliyomo ndani yake ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwenye magari yenye umri mkubwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la petroli la mwaka 1989, silinda nne, lenye distribyuta (kile kinachogawa cheche kwa plagi) na koili moja (ile inayozalisha umeme wa cheche). Takometa yake hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini baada ya kama nusu saa ya mwendo mshale huanguka kwenye sifuri na kubaki hapo. Nikipita kwenye shimo, au nikiipiga dashibodi kwa kiganja, huamka tena kwa muda. Siku hizi nimegundua pia kwamba nikiwasha taa kubwa usiku mshale huhama kidogo, ingawa mlio wa injini haujabadilika. Geji za joto na mafuta hazina tatizo. Fundi wangu anasema takometa imekufa na kwamba nitafute seti nzima ya geji iliyotumika. Je, nimsikilize?

JIBU: Marahaba. Kwa hili usimsikilize bado. Seti iliyotumika itatoka kwenye gari la umri uleule, ikiwa na lehemu zilizopitia joto na mitikisiko ileile, kwa hiyo unaweza kwenda kununua ugonjwa ambao tayari unao nyumbani. Tena seti hiyo itakuja na kilomita za gari lingine, na siku ukitaka kuuza lako itakubidi umweleze mnunuzi kwa nini hesabu hailingani na historia yake. Takometa iliyokufa haiamki kwa kupigwa kofi. Yako inaamka, na hiyo ni habari njema.

Takometa ya gari kama lako kazi yake ni kuhesabu cheche, basi. Kila mara koili inapokatiwa umeme ili plagi itoe cheche, pigo moja la umeme hutokea kwenye ncha hasi ya koili, na waya mwembamba hulipeleka pigo hilo hadi nyuma ya geji. Katika injini ya stroki nne kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili ya krankshafti, yaani mhimili mkuu wa injini, hivyo silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, yaani inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, waya huo hubeba mapigo 30 kwa sekunde. Ikifika 3,000 hubeba mapigo 100. Ndani ya geji kuna saketi ndogo inayoyageuza mapigo hayo kuwa mkondo, na mkondo huo ndio unaosukuma mshale. Ili ifanye kazi hiyo, geji inahitaji umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, ethi ya kuurudisha umeme huo kwenye bodi, na huo waya wa mapigo.

Barua yako imenipunguzia kazi kubwa. Kwa kuwa geji za joto na mafuta ziko sawa, na kwa kawaida hutumia fyuzi moja na takometa, sitaanzia kwenye fyuzi. Mshale unaohama taa zinapowashwa unanielekeza kwenye ethi dhaifu: taa za dashibodi na geji hurudisha umeme kwa njia moja, na njia hiyo ikishikwa na kutu, umeme wa taa hupandisha volti pale ambapo geji inaamini ni sifuri. Mshale unaokufa gari likipata moto na kufufuka kwa kishindo unanielekeza kwenye muungano uliolegea, ambao ukipanuka kwa joto huachana na ukitikiswa hugusana tena. Yanaweza kuwa makosa mawili, lakini yanaweza pia kuwa kosa moja lenye sura mbili, kwa sababu ethi ya takometa nayo ina muungano wake.

Anza na ethi kwa kuwa haihitaji kufumua chochote zaidi ya kuisogeza seti ya geji mbele kidogo. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye ethi ya seti na nyingine kwenye ncha hasi ya betri, injini ikiwa inanguruma na taa zote zimewashwa. Usomaji usizidi 0.1 au 0.2 ya volti. Ukiona nusu volti au zaidi, tafuta mahali waya wa ethi ulipofungwa kwenye bodi, ambapo mara nyingi ni nyuma ya dashibodi au karibu na mguu wa dereva, ufungue, usugue chuma hadi king'ae, ufunge tena kwa nguvu. Kama huna multimita, vuta waya wa muda kutoka ethi ya seti hadi kwenye chuma safi cha bodi, kisha uwashe taa. Mshale ukitulia, umepata jibu.

Baada ya hapo ondoa waya hasi wa betri na utoe seti yote. Fanya hivyo bila haraka, kwa sababu magari ya miaka hiyo mengi yana kebo ya kipima mwendo iliyochomekwa nyuma, na anayevuta seti kwa nguvu huvunja kishikio cha plastiki cha kebo hiyo, akawa na geji mbili mbovu badala ya moja. Nyuma ya seti utaona karatasi ngumu ya plastiki yenye njia nyembamba za shaba, na nati au skrubu ndogo zinazoishikilia kila geji. Watu wengi hudhani nati hizo ni za kushikilia tu. Kwa kweli ndizo zinazopitisha umeme kati ya njia za shaba na geji, na zikilegea nusu mzunguko tu takometa hupoteza umeme, ethi au mapigo, kutegemea ni ipi iliyolegea. Zifungue moja moja, safisha shaba iliyo chini yake kwa kifutio cha penseli mpaka weusi utoke, kisha uzikaze kwa kiasi. Msasa usiutumie, kwa sababu tabaka la shaba ni jembamba mno na utalimaliza. Niliwahi kubadilisha saketi nzima ya takometa ya gari langu mwenyewe na mshale ukaendelea kufa kila mchana. Kosa lilikuwa nati moja ambayo ningeweza kuikaza kwa vidole kabla hata ya kushika bisibisi.

Nati zikiwa sawa, geukia ubao wa saketi ya takometa yenyewe. Usikimbilie kulehemu. Uweke kwenye mwanga wa jua au chini ya taa kali, chukua kioo cha kukuzia, uangalie upande wa lehemu, hasa pale pini nene zinapoingia kwenye ubao na pale vipande vizito vilipokaa, kwa kuwa uzito wao ndio unaotikisika. Lehemu nzima hung'aa na kuipanda pini kama kilima kidogo chenye mteremko laini. Lehemu iliyochoka huwa na weusi wa kijivu, na ukiinamisha ubao polepole utaona duara jembamba kama unywele limeizunguka pini, kana kwamba mtu amelichora kwa kalamu yenye ncha kali kuliko zote. Hapo pini haijashikwa na chochote. Inaelea ndani ya shimo lake, na kofi lako ndilo linaloisogeza ikaguse ukuta. Sugua mahali hapo, ongeza kidogo dawa ya kulehemia, kisha uyeyushe lehemu upya mpaka duara lifutike. Nikiwa nimekwisha kufika hapo mimi huzirudia lehemu zote za pini nene, hata zile zinazoonekana nzima, kwa kuwa zina umri mmoja na ile iliyokufa.

Kama macho hayaoni kitu, unaweza kuulazimisha ugonjwa utokee. Unganisha seti ikiwa imelala nje ya nafasi yake, washa injini, na uupulizie ubao joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Mshale ukianguka, sogeza joto kutoka sehemu moja hadi nyingine mpaka ujue ni sehemu ipi inayouangusha, au gusa vipande kimoja kimoja kwa kijiti kikavu cha mbao. Angalia pia vile vikopo vidogo vinavyoitwa kapasita. Ndani mwake mna unyevu ambao miaka hukausha, na kapasita iliyokauka hufanya mshale utetemeke au usome pungufu. Unapoibadilisha, weka yenye uwezo uleule wa mikrofaradi, na volti zake zisiwe chini ya ile ya zamani.

Yote hayo yakishindwa ndipo tunaushuku waya wa mapigo. Zima injini, toa waya wa mapigo upande wa geji, chukua waya mwingine wenye ngozi nzuri, uuvute kutoka ncha hasi ya koili hadi kwenye nafasi ileile ya geji, kisha uwashe. Takometa ikikaa hai mpaka gari lipate moto wa kutosha, waya wa asili umekatika ndani au soketi yake imeshika kutu njiani. Jaribio hili nalitolea maonyo matatu. Ncha hasi ya koili si volti 12 tu: kila cheche inapotoka, hapo huruka volti za mamia, zinazoweza kufika 300 au 400, kwa hiyo usiishike kwa mkono injini ikiwa hai, na usiweke hapo multimita isiyo na uwezo huo. Pili, baadhi ya magari yana rezista kati ya koili na geji, na ukiiruka utaiunguza saketi uliyokwisha kuitengeneza. Tatu, msomaji mwenye gari la miaka ya baadaye asiige jaribio hili hata kidogo, kwa maana katika magari mengi hayo kompyuta ya injini ndiyo inayotuma mapigo madogo yaliyosafishwa, na geji iliyozoea hayo haivumilii mapigo ghafi ya koili.

Mwisho wa yote, nyuma ya takometa nyingi kuna skrubu ndogo ya kurekebishia usomaji. Iache kwanza. Pima mapigo kwa mita yenye kipimo cha hezi, yaani mapigo kwa sekunde, zidisha kwa 30 kwa injini ya silinda nne, kwa 20 kwa silinda sita, kwa 15 kwa silinda nane, upate mizunguko kwa dakika. Ikiwa mita inasema 50 na mshale unasema 1,500, skrubu haina kosa na mkono wako hauna sababu ya kuigusa.

SWALI: Ndugu fundi, gari langu la petroli lenye gia za mkono huzima ghafla nikiwa mwendoni, kisha huwaka tena baada ya dakika kumi hivi kana kwamba hapakuwa na kitu. Fundi niliyemwendea hakufungua hata boneti; aliniuliza tu mshale wa RPM ulifanya nini injini ilipokuwa inazima. Sikuwa nimeangalia. Alikuwa anatafuta nini?

JIBU: Alikuwa anatafuta kujua kama umekosa umeme wa cheche au umekosa mafuta, na ningependa kumfahamu fundi huyo.

Injini ikizima gari likiwa mwendoni, gia imo na klachi hujaikanyaga, magurudumu huendelea kuizungusha kwa muda. Kama kilichokosekana ni mafuta, koili bado inakatwa na kuunganishwa kama kawaida, plagi bado zinatoa cheche ingawa hakuna cha kuunguza, na takometa, ambayo haijui habari za mafuta, inaendelea kuhesabu. Mshale hushuka taratibu pamoja na mwendo wa gari. Lakini kama kilichokosekana ni umeme wa koili, hakuna pigo la kuhesabu, na mshale huporomoka hadi sifuri papo hapo wakati injini bado inazungushwa. Tofauti hiyo huonekana kwa sekunde mbili au tatu tu.

Mshale ukiporomoka hivyo, na gari likawaka tena baada ya kupoa, mimi humshuku kwanza igniteri, yaani kile kisanduku cha transista kinachokata umeme wa koili, kisha kile kihisi kilicho ndani ya distribyuta, kisha koili yenyewe. Angalia pia taa za onyo. Injini inapozima, taa ya oili na ya chaji zinapaswa kuwaka. Kama dashibodi nzima imekuwa giza, tatizo liko nyuma zaidi, kwenye swichi ya ufunguo au waya mkubwa unaoilisha. Na usikimbilie kulaumu pampu ya mafuta eti kwa sababu mshale ulishuka taratibu, kwani rota iliyotoboka, kifuniko cha distribyuta chenye ufa au waya mkubwa wa koili uliokatika huiba cheche baada ya koili kufanya kazi yake, na takometa haiwezi kuliona hilo. Kwa gari la gia za kujiendesha ushahidi huu ni dhaifu, kwa maana magurudumu hayaishiki injini kwa nguvu ileile na injini yenyewe huweza kusimama mara moja. Mwombe abiria aangalie mshale, wewe uangalie barabara; na usizungushe ufunguo kuuzima wakati gari linaserereka, usije ukafunga usukani.

Likikugomea kabisa kuwaka, tumia mshale huohuo. Stata inapoizungusha injini, takometa nyingi huinuka kidogo, kwenye 200 au 300. Mshale ukikaa kimya kabisa, koili haikatwi. Kabla ya kununua igniteri, chomoa waya wa takometa kwenye ncha hasi ya koili na ujaribu tena. Waya huo umeungwa moja kwa moja kwenye njia ya cheche, na ukigusa bodi mahali popote koili hubaki imeunganishwa moja kwa moja na ethi, haikatwi, na injini haitoi cheche hata moja. Nililiona hilo kwenye gari lililokuwa likizima kila lilipopita kwenye matuta. Waya ulipita kwenye tundu la ukuta unaotenganisha injini na abiria, mpira wa kuulinda ulikuwa umeanguka zamani, na kingo ya bati ilikuwa imeula ngozi ya waya upande mmoja tu, mahali padogo kuliko ukucha, shaba ikimetameta kwa kusuguliwa. Igniteri mbili zilikwisha kununuliwa kabla yake.

SWALI: Gari langu ni la diseli. Altaneta ilikufa, nikafungiwa nyingine inayochaji vizuri, lakini tangu siku hiyo takometa inasoma 1,000 injini ikinguruma tu, wakati zamani ilikuwa 750, na barabarani inaonyesha 4,000 pale ambapo sikio langu linasema 3,000. Injini imeharibika?

JIBU: Sikio lako liko sahihi, na injini haina kosa. Diseli haina koili wala plagi za cheche, kwa hiyo katika magari mengi ya zamani ya aina hiyo takometa huhesabu mapigo ya altaneta, yanayotoka kwenye ncha iliyoandikwa W. Geji yako ilipangwa kwa mapigo ya altaneta ya kwanza. Ya sasa inatoa mapigo mengi zaidi kwa kila mzunguko wa injini, na geji inaamini inachoambiwa.

Ziada yako ni theluthi moja kila mahali, na hiyo inanipa njia mbili. Altaneta yenye ncha 12 za sumaku hutoa mapigo 6 kwa mzunguko wake mmoja, yenye 16 hutoa 8, na 8 kwa 6 ni theluthi moja zaidi. Au puli ndiyo iliyobadilika: kama ya zamani ilikuwa na kipenyo cha milimita 72 na mpya ina 54, altaneta inazunguka kwa kasi zaidi kwa uwiano uleule. Pima puli kwanza, kwa kuwa puli ya zamani huenda ikaingia kwenye altaneta mpya na shida yako ikaishia hapo. Kama puli zinalingana, tofauti iko ndani, na itakubidi utafute altaneta inayofanana na ya asili, au uangalie kama geji yako ina skrubu au vijiswichi vya marekebisho nyuma, kama zilivyo takometa nyingi za kuongezewa.

Kwa wenzako wenye diseli kama yako: mshale unaosoma pungufu au kuyumba unapopakia umeme mwingi, kama taa na feni pamoja, huwa ni mkanda unaoteleza. Mshale uliolala huku taa ya chaji ikiwaka ni wa altaneta au mkanda. Uliolala huku chaji iko salama ni wa waya wa W. Na ule usioamka mpaka ukanyage mafuta mara moja baada ya kuwasha unasema tu kwamba altaneta imechelewa kuanza kuchaji, jambo linaloanzia mara nyingi kwenye balbu ya onyo iliyoungua.

SWALI: Nilitoa pointi (ile swichi ya zamani inayokata umeme wa koili) na kondensa (kapasita yake) kwenye gari langu la Uingereza la miaka ya 1960 nikaweka mfumo wa kielektroniki ndani ya distribyuta. Injini imekuwa laini, lakini takometa haijasogea tena. Nimeunguza kitu?

JIBU: Kwa kiasi kikubwa cha uhakika, hapana. Soma maandishi madogo chini ya uso wa geji. Kwenye takometa za Smiths, ambazo zilifungwa katika magari mengi ya aina hiyo, herufi RVC zina maana kwamba geji husoma volti kutoka ncha hasi ya koili kama nilivyoeleza hapo juu. Herufi RVI ni habari nyingine: geji hiyo husoma mkondo, na waya mweupe unaoilisha koili hupita kwanza kwenye kitanzi nyuma ya geji. Ilizoea namna pointi zinavyofungua na kufunga mkondo, na mfumo mpya unapolishwa umeme kutoka ncha chanya ya koili, mkondo wake huchanganyika na ule unaohesabiwa. Uhamishe waya wa umeme wa mfumo mpya uulishe kutoka mahali palipo kabla ya geji, kwa mfano kwenye sanduku la fyuzi upande unaotii ufunguo, ili ndani ya kitanzi upite mkondo wa koili peke yake. Hilo mara nyingi hutosha. Lisipotosha, wapo mafundi wa geji wanaobadilisha saketi ya ndani ya RVI ili isome volti, na uso wa geji hubaki uleule wa zamani. Na kama ulihamisha kondensa ya redio ukaifunga ncha hasi ya koili, irudishe kwenye ncha chanya. Kwenye ncha hasi inayafuta mapigo.

SWALI: Nikizima gari, mshale wa takometa haurudi kwenye sifuri. Hubaki popote ulipokuwa, wakati mwingine kwenye 600. Nifungue?

JIBU: Kama umekuwa hivyo tangu ulinunue gari, usifungue. Baadhi ya geji hazina springi ya kuurudisha mshale. Husukumwa na koili ndogo zilizopishana na kutulizwa na mafuta mazito ya silikoni, kwa hiyo umeme ukikatika mshale hulala ulipo mpaka ufunguo uzungushwe tena. Ukiona umeanza karibuni, na kwamba injini ikiwa hai pia usomaji umezidi kwa kiasi kilekile, basi kuna mtu aliyewahi kuung'oa mshale na kuurudisha vibaya. Linganisha na mita ya hezi injini ikinguruma, kisha uuchomoe mshale kwa vijiko viwili vidogo vilivyowekwa kitambaa chini, uuelekeze kwenye namba uliyopima, na uubonyeze kwa kidole kimoja.